Kamanda Mbasa na Ngazi Tano

Haya yote ni kweli, tangu neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Anayetaka kiapo ataapiwa: Biblia ipo, shoka lipo, kaburi la mama lipo. Ikionekana humu hata herufi moja ya uongo, basi usipa wote, vidagaa vya Ziwa Nyasa, na waote manyoya, wapande mitini wakatage.

Mzee Hyasinti wa Lundo alistaafu kazi ya kupima mvua. Miaka ishirini na sita ofisi moja ya mjini ilimwachia kopo la shaba nyuma ya nyumba, daftari na penseli, na kila asubuhi alitakiwa atoke akaangalie maji yamefika mstari gani. Mwaka wa kwanza alitoka. Mwaka wa pili akagundua kwamba ukilala chali unaisikia mvua vizuri tu juu ya bati, na mtu mwenye akili zake hashindwi kuikadiria. Kuanzia hapo Lundo ilinyeshewa kutoka kitandani. Agosti moja aliipiga mvua ya wiki mbili mfululizo, kwa sababu alikuwa na mafua na hakutaka kufikiri, na wataalamu wakaandika kitabu kinene kuhusu mageuzi ya ajabu ya hali ya hewa mwambao wa Nyasa. Kina picha. Picha ya kopo imo.

Kwa hiyo kama kuna mtu aliyejua takwimu hupikwa katika sufuria gani, ni yeye, na wala hakuona haya. Aliowadharau ni wale wanaozila bila kuuliza mpishi ni nani.

Mlaji mmoja wa aina hiyo alifika mwezi wa tano ndani ya gari jeupe. Aliitwa Dokta Erasmo, viatu vyake vilikuwa na ncha kama mdomo wa ndege mvuvi, na kazi yake ilikuwa kutafiti chuki. Alieleza kwamba siku hizi watu huambukizwa chuki kupitia simu. Huanza na manung'uniko madogo, kila siku kidogo kidogo, mpaka mtu anachukua panga na kumfuata jirani aliyemwazima chumvi jana yake. Katika hilo, tumpe haki yake, Dokta hakudanganya. Alikuwa na kijitabu chenye mchoro wa ngazi, na kila kipago kimeandikwa jina: manung'uniko, kumtafuta wa kulaumiwa, sisi na wao, kumvua mtu utu, na cha juu kabisa, kutenda. Alitaka mzee anayejua kusoma na mwenye muda wa kupoteza, aingie kwenye kundi la wasapu liitwalo Sauti ya Mwambao, lenye watu mia mbili na ushee wa Lundo na Liuli, na kila wiki atoe taarifa wamefika kipago cha ngapi.

Alimwachia Hyasinti simu pana yenye laini mbili, bando la kutosha, kijitabu, na cheo: Mwangalizi wa Jamii. Jumapili ile mzee alisimama kwenye matangazo baada ya misa akajitambulisha upya kwa watu waliomjua tangu anatambaa.

Sasa ingia mle kundini uone. Rambirambi. Picha ya waridi lenye kikombe cha chai, heri ya asubuhi. Bata amepotea. Picha ya bata. Picha ya bata mwingine, ambaye si yeye. Mtu anaomba namba ya fundi wa mashine ya boti, anapewa namba ya marehemu. Rambirambi tena. Wiki tatu Mzee Hyasinti aliandika: Hakuna chuki. Wiki ya nne Dokta akapiga simu, na sauti yake ilikuwa ya mteja aliyebonyeza samaki akakuta amelegea. Alisema wafadhili wanasikitika. Alisema mwambao ukiendelea kuwa kimya hivyo, mradi utahamishiwa wilaya nyingine ambako, akavuta pumzi kwa hamu, hali ni mbaya kweli. Simu ingerudishwa.

Mzee Hyasinti aliitazama ile simu. Tangu Eunice, mkewe, afariki, nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kusikia mchwa wanavyogombania boriti. Ile simu ilikuwa inalia. Mtu alikuwa anauliza habari za asubuhi, hata kama ni waridi. Basi akafanya lile alilolizoea. Akainyesha.

Katika laini ya pili alimzaa Kamanda Mbasa. Picha aliyompa ilikuwa ya mbasa kweli, yule samaki mnene wa ziwa letu, amepigwa picha mdomo wazi kwenye sinia. Kisha akafungua kijitabu cha Dokta, akakifuata kama mwanamke mgeni anavyofuata maelekezo ya kupika chapati. Kipago cha kwanza, Kamanda akanung'unika: samaki wamepungua, maisha yamepanda, nani anatula? Watu hamsini wakakubali. Kipago cha pili alihitaji wa kulaumiwa, na hapo ndipo Mzee Hyasinti alipokosea kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu anayeweza kulikosea. Alitafuta matusi, akayachukua yale yaliyokuwa karibu. Akachukua ya utani.

Ukoo wake na Wamatengo wa Kigonsera ni watani tangu babu wa babu. Mmatengo akishuka kutoka milimani na Mnyasa akiwa pwani ya ziwa, hawasalimiani mpaka watukanane. Huyu anaambiwa ni fuko, anachimba mashimo shambani halafu anayaita kilimo. Yule anaambiwa ni korongo, anasimama majini kwa mguu mmoja akingoja chakula kije chenyewe. Na yule anayekutukana hivyo ndiye atakayekuja kukuzika. Ndio mkataba wenyewe. Siku ya msiba wa Eunice, mtani wake Hyasinti, Otilia wa Kigonsera, alishuka na gari la kwanza, akaingia ndani ya kaburi lililochimbwa, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe kuku, kwa kuwa marehemu alikuwa mchoyo na yeye amekuja kushika nafasi. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Hyasinti mwenyewe alicheka, siku ambayo hakudhani atacheka tena maishani. Kisha Otilia akatoka kaburini, akajipangusa udongo, akaosha masufuria ya msiba siku tatu.

Huyo Otilia kila Jumamosi alishuka Liuli na magunia ya maharage, akapanda na usipa wakavu. Alikuwa na simu ya kitochi tu, na Sauti ya Mwambao hakuijua hata kwa jina.

Kamanda Mbasa akaandika kwamba Mmatengo akiliona ziwa hudhani ni beseni la kunawia mikono. Akaandika kwamba fuko wa milimani wanashuka na vibaba vyenye matako mazito, wanapunja. Mzee Hyasinti alikuwa akiyaandika huku anacheka peke yake barazani, kwa sababu kila sentensi aliisikia ikijibiwa na Otilia. Wazee wachache waliokuwa kundini walicheka pia. Lakini wengi walikuwa vijana, na vijana hawa wa leo, ambao msibani hukaa pembeni wakichati wakingoja wali, utani hawaujui. Hawakuona mzaha. Waliona habari.

Aliyezipokea kwa mikono miwili alikuwa Steven wa Liuli, kijana wa miaka ishirini na minne mwenye mashine ya boti isiyo na boti. Alianza kumwita Kamanda "mkuu". Alijibu kila ujumbe na ngumi tatu. Kabla ya wiki mbili kupita alikuwa na wenzake, wamejipa jina, wamejipa wimbo, na mmoja ambaye hajawahi kuogelea akajiita Admirali. Kazi hawakuwa nayo, sasa walikuwa na adui. Ni nafuu kuliko kazi na hakihitajiki cheti.

Dokta Erasmo alikuwa kama bibi harusi. Taarifa ya Mwangalizi ilipofika kipago cha nne alituma kidole gumba, kisha akatuma viwili.

Halafu Steven akaandika sentensi moja: Fuko hafukuzwi, fuko hufukiwa.

Mzee Hyasinti aliisoma mara tatu. Haikuwa yake. Wala haikuwa ya babu yake. Aliitafutia jibu la Otilia kichwani, akakuta Otilia amenyamaza. Haraka haraka Kamanda akaandika kwamba vijana wasivuke mpaka, Wamatengo ni ndugu. Ndani ya dakika kumi Kamanda aliambiwa amehongwa kahawa ya milimani. Mzee akaja kwa laini ya kwanza, kwa jina lake na cheo chake, akaeleza kwamba yote yale ni utani wa zamani, akajibiwa, "Shikamoo babu. Wewe kaa na mvua yako." Ikatangazwa kwamba Jumamosi hakuna mtu wa milimani atakayekanyaga mwaloni, pale mitumbwi inapopakuliwa, na anayebisha aje na sanda.

Alimpigia Dokta akamwomba aje na mtu yeyote mwenye sare. Dokta alieleza kwa upole, kama anayemweleza mtoto kwa nini kuku halali kitandani, kwamba mtafiti haingilii. Akiingilia, data zinachafuka. Aliomba Mwangalizi achague mahali penye kuona vizuri na aandike saa.

Alimpigia Otilia. Sasa hapa ndipo alipotakiwa kusema jambo moja jepesi, kwamba Kamanda Mbasa ni yeye. Halikutoka. Akasema Liuli kuna kipindupindu. Otilia alicheka mpaka simu ikakwaruza.

"Mtani," akasema, "wewe ukiniambia mvua inanyesha, mimi naanika maharage."

Akakata.

Jumamosi ikafika. Vijana walikuwa mia nne, wamejipanga kutoka mwaloni hadi karibu na jiwe la Pomonda, wana mapanga yanayomulika hadi Malawi. Otilia akateremka garini. Na hapo Mzee Hyasinti, bila kutetemeka hata ukope, akapanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akanyoosha mkono, na kwa sauti iliyowaamsha viboko wa mto Ruhuhu akasema: "Wanangu, Kamanda Mbasa ni mimi. Anayetaka kumpiga mama huyu aanze na mimi." Mapanga yakaanguka kama mvua ya mawe. Steven akapiga magoti mchangani, akalia kama

Hapa Otilia akamwambia msomaji anyamaze.

Ni lazima ielezwe. Daftari hili halikuandikwa kwa hiari. Liliandikwa kuwa sehemu ya faini, likapelekwa Kigonsera, na lilikuwa likisomwa kwa sauti na Vitalia, binti yake Otilia, mbele ya majirani sita wenye vikombe vya ulanzi. Aliyeliandika alikuwa amekaa kigodani akitazama vidole vya miguu yake, na wewe mwenye macho umeshajua kwamba mwandishi huyo ni Hyasinti mwenyewe. Otilia aliuliza ni mtumbwi upi huo uliopinduliwa. Akauliza mia nne hao walihesabiwa kutoka kitanda gani. Kisha akasema karatasi iliyobaki iandikwe palepale, yeye akiwa amekaa jirani na kalamu. Kwa hiyo yanayofuata ni yake, na kiapo cha pale juu kihesabiwe kuanzia hapa.

Vijana walikuwa kumi na tisa. Mapanga hayakuwapo; Steven alikuwa na kasia, wengine mawe. Mzee Hyasinti alikuwapo, ndiyo. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyavu zilizoanikwa, na daftari la Mwangalizi liko mapajani, wazi, na saa ameshaiandika.

Otilia alikuja na gunia kichwani. Steven akamzuia na kasia akamwambia arudi kwao. Otilia akamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Ni swali ambalo kwetu hujibiwa hata na mwizi, lakini Steven hakujibu, na Otilia anasema hapo ndipo alipoogopa. Jiwe la kwanza lilipasua gunia. Maharage yakamwagika mchangani. La pili likampata begani, akayumba, akashika ukingo wa mtumbwi, na alipoinua uso akaona, katikati ya matundu ya nyavu, kipara anachokifahamu.

Angeweza kupiga kelele za kuomba msaada. Hakupiga. Alimtukana.

"Mtani," akasema kwa sauti ya sokoni, "umejificha wavuni kama samaki mbufu aliyevunda. Hata samaki wa kwenu akinaswa hupiga mkia. Wewe hata mkia huna?"

Sasa tusi la mtani halipiti bila jibu. Ukilinyamazia umevunja utani, na ukivunja utani hakuna atakayelala kaburini mwako kukushikia nafasi. Mzee Hyasinti alisimama. Si ushujaa, magoti yalisimama yenyewe, na mdomo ukajibu kabla kichwa hakijaarifiwa. Akamwita fuko. Otilia akamwita korongo. Akamwambia habari za beseni la kunawia. Otilia akamwambia habari za mguu mmoja. Akaleta vibaba vyenye matako mazito, na Otilia, damu inamchuruzika begani, akamwambia matako ya vibaba ni mazito kuliko ya kwake, ambayo yameliwa na kitanda miaka ishirini na sita.

Mawe yalibaki mikononi. Wale vijana walikuwa wanasikiliza, na nyuso zao zilikuwa za mtu anayesikia wimbo wake wa kanisa ukipigwa baa. Kila alilolisema yule mzee walikuwa wamelisoma, neno kwa neno, kwa mpangilio uleule. Admirali alitoa simu akalinganisha.

"Babu," Steven akauliza, "maneno hayo umeyatoa wapi?"

"Kwa babu yangu. Na yeye kwa babu yake. Kamanda ni mimi, Steven. Mbasa mwenyewe nilimla na ugali wa muhogo."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi, kicheko kile cha aibu kinachotafuta pa kutokea. Baadhi wakasema walijua tangu mwanzo. Hao hawakosekani popote. Wawili wakaanza kuokota maharage. Steven hakucheka. Alisema mzee ameiba maneno ya Kamanda ili aonekane mtu, akaondoka na kasia lake, na wanne wakamfuata.

Lakini Otilia naye alikuwa ameacha kucheka. Alimwita Admirali, akaitaka simu, akamwambia amsomee yote, tangu mwanzo. Akasikiliza amesimama, mkono umeshika bega. Kisha akamgeukia Hyasinti.

"Matusi ya mtani husemwa usoni ili ayajibu," akasema. "Wewe umenitukana mahali ambapo mimi sina mdomo."

Hakumwita mtani. Alimwita Mzee Hyasinti, kwa heshima zote, kama anavyoitwa mtu baki, akapanda gari akarudi kwao bila usipa.

Yaliyobaki ni mafupi. Dokta Erasmo alikuja kuchukua simu yake, akasema matokeo yamemfurahisha sana, na katika ripoti yake mwambao wetu umepanda vipago vitano kwa wiki tisa, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Aliambiwa nani aliyeishika ngazi. Akasema hilo litakwenda kwenye tanbihi. Na Jumanne iliyofuata, simu ikiwa imeshaondoka na Mzee Hyasinti akiwa kwake anapalilia muhogo, Kamanda Mbasa aliandika tena kundini. Namba nyingine, picha ileile ya sinia. Hakuwa na utani hata chembe. Watu sabini walikubali. Mvua ile ilikuwa imejifunza kunyesha yenyewe.

Ndipo mzee alipopanda Kigonsera kujisalimisha. Hakupokewa mara ya kwanza, wala ya pili. Mara ya tatu Otilia alimtolea kigoda nje na kumtajia faini: jogoo, ndoo ya ulanzi, na kisa chote kiandikwe kikasomwe mbele za watu. Zaidi ya hayo, kila Jumamosi amsindikize mwaloni akiwa amebeba yeye gunia, na kila Kamanda atakapoandika, Hyasinti ajibu kwa jina lake mwenyewe, kwa simu ya kuazima kama hana. Amejibu mara kumi na moja. Ametolewa kundini mara tatu, na Admirali, ambaye sasa anamwita babu, humrudisha.

Jogoo alishaliwa. Ulanzi ndio huu unaonywewa. Lakini kwa zile mia nne, na Malawi, na viboko wa Ruhuhu, majirani sita wamekaa wakahukumu upya, na hukumu ni beberu. Hyasinti anaye mmoja tu. Kwa kuwa anajijua, alikuja naye kabisa, akimvuta kwa kamba kutoka Lundo hadi hapa, siku tatu njiani, na ndiye huyu amefungwa kwenye mgomba.

Otilia amemzunguka yule mnyama, amembonyeza mbavu, ameguna.

"Amekonda kama mwenyewe, mtani," amesema. "Korongo hata kufuga hajui."

Ni tusi la kwanza kumtupia tangu siku ile ya mawe, na linahitaji kujibiwa. Mwandishi angelijibu humu kwa urefu unaostahili, ila kisu kimeshanolewa, na ameamriwa aweke kalamu chini akamshike beberu miguu.